Sura ya Saba: Saa Mia Tisa Sabini na Tisa

"Kama ni disko, tangaza basi, watu waje wamevaa," mshonaji alikuwa akisema. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umening'iniza shati jeupe la shule lililopigwa uzi wa waridi kwenye kola. "Mashati kumi na mawili, mzee wangu. Kumi na mawili nimeyafumua tangu asubuhi. Taa yako ikiwa nyekundu, uzi mweupe na wa waridi vyote sura moja. Nikija kushtuka, nimeshamaliza mkono mzima."

Mzee aliyesimama mlangoni hakupandisha sauti. Alijibu kwa adabu kavu, kama anayesoma tangazo, kwamba dirisha ni lake, na pazia la upande wa pili ni la mama mwenyewe, ana ruhusa kamili ya kulifunga. Mshonaji akauliza kama akishalifunga atashona kwa kupapasa. Mzee akasema hilo yeye hawezi kulijibu. Mshonaji akasema tangu mke wake afariki mzee huyu amebaki na majibu ya ofisini tu, hata salamu unaipata kama umepanga foleni. Hapo mzee akashika kifungo cha juu cha shati lake lililopigwa pasi mpaka shingoni, kama vile alikuwa anangoja mgeni wa heshima.

Hatua tatu chini yao, ngazini, Inspekta Kupe alisimama akisikiliza. Jina hilo walimpa wenzake kituoni, kwa kuwa akishaganda kwenye jambo habanduki. Hakuna aliyemwita vinginevyo, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwita lolote. Alipenda ugomvi wa majirani. Watu wakigombana humwaga wenyewe yale ambayo ukiwauliza kwa utaratibu watayafumbata siku nzima. Ndani ya dakika mbili alikuwa ameshajua kwamba taa ile haikuwa taa bali skrini ya kompyuta, kwamba haizimwi usiku wala mchana, na kwamba mzee hana kompyuta yenyewe.

Akakohoa, akapanda, akatoa kitambulisho. "Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama. Naitafuta hiyo disko."

Mshonaji alilikunja shati haraka, akasema yeye hajaita polisi, watu wasije wakamsingizia, kelele za jirani kwa jirani si kesi.

"Sijaja kwa ajili ya kelele," Kupe alisema.

Alichojia kilikuwa hiki. Ofisi moja ya kuchora ramani, mtaa wa pili, ilinunua skrini sita mpya miezi minne iliyopita. Siku kumi na nane zilizopita, Ijumaa, fundi wa skrini mwenye kibanda hapo chini ya jengo aliitwa kuzirekebisha rangi. Fundi yule ana vidole vinavyojua njia za uani. Ukibonyeza vitufe fulani kwa pamoja wakati wa kuwasha, skrini inakufungulia mipangilio ya kiwandani, ambayo mnunuzi hatakiwi kuiona: namba yake halisi, saa ilizowaka tangu izaliwe, mara ilizowashwa. Akaingia, akakuta skrini ya kwanza, eti "mpya", imekwisha kuwaka saa elfu thelathini na moja. Akaingia kwenye nyingine, mambo yale yale. Mwaka mzima una saa elfu nane na ushee. Miezi minne haiwezi kubeba miaka mitatu na nusu. Mtu alikuwa ametoa skrini mpya, akaweka kuukuu za aina ile ile, akahamisha stika za namba za mgongoni.

Fundi, kwa kiherehere chake, akaenda kumwambia meneja. Meneja akaandika barua kwa wakala wa kiwanda, na wakala akajibu kwamba mipangilio hiyo ni siri ya kampuni, na yeyote anayejua kuifungua ni wa kuchunguzwa. Kwa hiyo akachunguzwa yeye. Leo ilikuwa siku ya nne yuko mahabusu, na kesho asubuhi anasomewa mashtaka. Mke wake alikuwa akishinda kwenye benchi la nje ya kituo, kikapu mapajani, hamsemeshi mtu.

Kupe alikaa naye fundi saa nzima asubuhi ile. Fundi alimfundisha vitufe kwa kugonga vidole juu ya meza, kama anayempigia ngoma mtu asiyesikia. Halafu akakiri kosa lake, moja tu. Siku alipoitwa kuzifunga skrini zikiwa mpya, watu watatu wa ofisi walisimama nyuma yake: meneja, mchora ramani na mtunza stoo. Akawaonyesha njia ile, kwa kujidai tu, wajue wamemwita fundi wa kweli.

"Nilimwonyesha kila mtu kuingia," alisema fundi. "Kutoka sikuwaonyesha. Mule ndani kuna kipengele cha majaribio. Usipokifunga, skrini ikikaa bila kompyuta inapiga rangi yenyewe, nyeupe, nyekundu, kijani, buluu, halafu giza, mpaka mwisho wa dunia. Fundi hawezi kusahau kukifunga. Mtu wa kuonyeshwa mara moja, atasahau." Kisha akamtajia mshonaji wa ghorofa ya tatu, aliyewahi kushuka kibandani kuuliza ni ugonjwa gani unafanya dirisha la jirani libadilike rangi kama kinyonga.

Ndiyo maana Kupe alikuwa ngazini.

Mzee aliwakaribisha kwa kusogea pembeni. Majirani walimwita Mzee Operata. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye mtambo wa simu, akiunganisha watu. Chumba kilikuwa safi mpaka kinatia baridi. Kitanda kimetandikwa bila kunyanzi. Kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja, vyote juu ya kitambaa kimoja. Kiti kilikuwa kimoja pia, na hakikuelekea mlango wala meza. Kilielekea skrini, iliyokuwa imewekwa dirishani, upande wa nafasi nyembamba ya katikati ya jengo ambako jua halifiki. Ukuta wote ulikuwa kijani. Ukawa buluu. Ukazama gizani, kisha ukarudi mweupe.

Mshonaji hakualikwa, lakini alibaki kizingitini kwa kisingizio cha kuushikilia mlango usijifunge.

Kupe aliigeuza skrini taratibu, akasoma stika ya mgongoni. Namba iliishia na 4471. Kwenye orodha yake ya ofisi namba ziliishia 0231 mpaka 0236. Haikuwamo. Askari mwingine angeomba radhi, akaondoka.

"Umeipata wapi hii, mzee wangu?"

Jibu lilikuja haraka mno, limenyooka kama lilishapigwa pasi pamoja na shati. "Kwa fundi. Huyu wa hapo chini. Wiki mbili tatu hivi."

Mshonaji alifungua mdomo. Kupe akamtazama, naye akaufunga.

Alitoa daftari la maelezo, akaandika neno kwa neno, akamsomea mzee, akamwonyesha pa kutia sahihi. Kabla hajampa kalamu alimweleza, bila kumtisha, karatasi ile ina uzito gani. Ikisomwa kesho mahakamani, fundi harudi kibandani kwake. Mzee alisikiliza, macho yake yakifuata rangi ukutani. Akasema ameelewa. Mkono aliounyoosha kupokea kalamu ulikuwa mtulivu, ila hakumtazama usoni.

"Subiri kidogo," Kupe alisema. "Inabidi niizime kwanza."

Hapo ndipo mzee aliposhtuka. "Itarudi?"

"Itarudi."

"Mimi kuizima sijui. Sijawahi."

Kupe akaizima. Chumba kikawa cha mtu anayeishi peke yake, ghafla kabisa. Hata mshonaji alihamishia uzito wake mguu wa pili kimyakimya. Kupe alikijua kimya hicho. Yeye huacha redio imewaka anapokwenda kazini, asije akarudi akakikuta kinamngoja mlangoni.

Akaweka kidole kwenye kitufe cha kushoto kabisa, kingine kwenye cha menyu, akabonyeza cha kuwashia kwa mkono wa pili. Skrini ikawaka na rangi zake zile zile tu. Akaizima, akarudia. Fundi alimwambia usiachie mpaka uone herufi ndogo pembeni, hata vidole vikifa ganzi. Mara ya pili hakuachia. Herufi ikaja, akabonyeza menyu, na ubao mdogo wa maandishi ukafunguka katikati ya skrini.

Namba halisi, ile ambayo hakuna stika inayoweza kuibadilisha, iliishia 0236.

Akaandika. Chini yake: saa za kuwaka, mia tisa sabini na tisa. Chini zaidi: mara za kuwashwa, sita.

"Mama," alimwita mshonaji bila kugeuka, "tangu rangi hizi zianze, umeme umekatika hapa mara ngapi?"

Mshonaji alikuwa amesubiri kuulizwa kitu tangu karne iliyopita. Mara mbili tu, akasema, na zote anazikumbuka kwa sababu mashine yake ni ya umeme, mguu wa kukanyagia uliisha kazi zamani. Mara ya kwanza ulikatika saa nne asubuhi ukarudi saa kumi jioni, akalala mchana kama mama mzazi. Mara ya pili ulikatika kwa saa nne nzima, siku ya harusi ya binti wa ghorofa ya kwanza, bibi arusi akapakwa poda kwa tochi akatoka kama mzimu. Alitaka kuendelea na habari za bwana arusi, Kupe akamshukuru.

Sita. Mbili zilikuwa za Kupe mwenyewe, leo, ya kukosea na ya kupatia. Mbili za umeme kurudi. Moja ni siku skrini ilipowashwa humu chumbani. Ya sita aliiweka kando kwanza. Zaidi ya hapo, mzee hakuigusa. Ilikuwa imewaka mfululizo, na kila saa aliyokaa mbele yake ilikuwa imeandikwa.

Mia tisa sabini na tisa, ongeza kumi za umeme kukatika, mia tisa themanini na tisa. Gawa kwa ishirini na nne. Aliigawa mara mbili kwenye ukingo wa karatasi, kwa penseli. Siku arobaini na moja na saa tano. Sasa hivi ilikuwa saa nane mchana, Jumanne. Alirudi nyuma kwa kidole kwenye kalenda ya ndani ya jalada la daftari lake, mpaka akatua. Jumatano, saa tatu asubuhi. Zaidi ya wiki tatu kabla fundi hajaitwa kurekebisha rangi. Na kitabu cha wageni cha getini kilionyesha kwamba kati ya siku ya kufunga skrini na Ijumaa ile, fundi hakukanyaga ofisi.

"Mzee, hukuinunua wiki mbili tatu zilizopita."

"Labda nimesahau. Uzee."

"Mtu aliyekariri namba za simu za mji mzima?"

Mzee alikaa kitandani.

Kupe akafungua kurasa za nyuma za daftari, alikokuwa amenakili mahudhurio ya ofisi ya ramani, kazi ya mchana kutwa iliyowachekesha wenzake. Akaitafuta Jumatano ile. Meneja, alikuwepo kutwa. Mchora ramani, kutwa. Mtunza stoo: kutoka saa mbili, kurudi saa tano. Kwenye safu ya sababu kulikuwa na maneno matatu. Aliyasoma, akatazama kikombe kimoja na sahani moja, na swali alilouliza lilikuwa la upole kuliko alivyokusudia.

"Jumatano ile ulikuwa unaumwa, mzee wangu?"

"Mimi? Sijaumwa hata mafua mwaka huu."

"Mtunza stoo wa ofisi ya ramani aliomba ruhusa, saa mbili mpaka saa tano. Ameandika: kumwona baba, mgonjwa."

Ubao wa maandishi ulikuwa ungali umefunguka, mweupe, hautikisiki. Mzee alinyoosha shingo kidogo, kama aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

"Aliandika hivyo?" aliuliza. "Kwamba anakuja kuniona?"

"Ndivyo alivyoandika."

Mzee alicheka, kicheko kisicho na pumzi. Kisha akakifungua kile kifungo cha shingoni, na kwa namna fulani maneno yakapata njia. Mwanawe mmoja tu. Alikuja asubuhi ile bila kupiga hodi vizuri, skrini kwapani, akaiweka dirishani, akachomeka waya. Akasema baba, hii ni yako, wiki ijayo nakuletea kompyuta yake, utaona wajukuu na dunia nzima. Alikaa dakika ishirini. Mzee alizihesabu baadaye, si wakati ule. Kabla ya hapo alikuwa hajaja tangu matanga ya mama yake, na tangu hapo hajaja tena.

"Nikadhani ndivyo inavyokuwa ikingoja kompyuta," alisema. "Kwenye mtambo wetu taa ikiwaka, kuna mtu anatafuta mtu. Nikawa naiangalia. Inabadilika, inabadilika. Ni kama kuna mtu chumba cha pili anatembeatembea."

Kupe alikuwa amebakiwa na mara moja isiyo na mwenyewe. Sita, toa mbili zake, toa mbili za umeme, toa moja ya chumbani. Ile moja ilikuwa ya mwizi, alipokwisha kuzirudisha hesabu zote kwenye sifuri ili mnunuzi aone kitu kipya, akaiwasha kujaribu, na rangi zikaanza kupiga mbele ya macho yake, asijue kuzizuia. Tano aliziuza bila kuzichezea. Hii haikuuzika. Ndipo akamkumbuka baba yake.

Hilo Kupe hakulisema. Halikuhitajika kwenye maelezo, na yapo mambo ambayo hata kupe huyaachia.

"Nikikuambia yote hayo na kutia sahihi," mzee aliuliza, "atajua ni mimi?"

"Atajua."

"Hatakuja tena."

Kupe alitafuta cha kumfariji, akakosa kilicho cha kweli. Alichokuwa nacho ni mwanamke wa kwenye benchi, akamsimulia huyo: kikapu chake, na jinsi anavyosimama kila mlango unapofunguliwa, halafu anakaa tena. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba karatasi ile ya kwanza, akaichana vipande vinne vilivyo sawasawa, akaviweka mezani. Kisha akaisema ya pili polepole, akitamka kila jina la mwanawe, yote matatu, ili lisiandikwe vibaya. Akatia sahihi. Ilikuwa sahihi nzuri, ya mtu wa zamani.

Kupe aliipiga picha skrini ikiwa na maandishi yake, akaingia kwenye kipengele cha majaribio, akakifunga. Akapiga simu kituoni: fundi asihamishwe, anakuja na maelezo mapya na kielelezo, mtunza stoo afuatwe ofisini kabla ya saa za kutoka. Akachomoa waya, akaifunga skrini kwa utepe wa ushahidi, akaandika tarehe na saa. Mzee alimsaidia kushikilia upande mmoja wa utepe. Dirishani palibaki alama ya vumbi yenye umbo la mguu wa skrini, na mzee akalifuta kwa kiganja.

Walipotokea ukumbini, mshonaji hakuwepo kizingitini. Alikuwa mlangoni kwake, ng'ambo, ameshaondoa mashati yote mezani na kuyarundika juu ya mashine. Nyuma yake ndani palikuwa na kelele za watu wengi, mtu anacheka, sufuria inakwanguliwa, mtoto anaimba wimbo nusu.

"Mzee," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile mikono yake haikuwa kiunoni, "chakula kimepakuliwa."

Mzee alishukuru, akasema hana njaa.

"Sikuuliza njaa. Nimesema kimepakuliwa. Dada yangu amekuja na wanawe wote wanne, na shemeji naye amejileta, mmoja zaidi hata hataonekana." Akamgeukia Kupe. "Na wewe, Inspekta, hicho kidude kiweke chini ya meza, hakuna wa kukiiba, mwizi si tayari ame..."

Akajisikia mwenyewe. Akauma mdomo, akayatazama mashati kana kwamba yamemwita.

Mzee alisimama na kola yake wazi, akitazama mlango ule ambao kwa siku arobaini na moja alikuwa akiupita bila kuutazama. Kupe alianza kusema kwamba ana haraka, kwamba sheria haimruhusu kula kwa mashahidi, kwamba kituoni wanamngoja.

"Kuna mtu anakungoja?" mzee aliuliza.

"Fundi."

"Mbali na fundi."

Kupe aliihamisha skrini kutoka mkono mmoja kwenda wa pili. Fundi hawezi kutoka kabla mkuu wa kituo hajarudi kutoka kikaoni, na kikao kinaisha saa tisa. Alilijua hilo tangu alipokuwa anapiga simu.

Mzee alivua viatu, akavipanga mlangoni pa mshonaji, visigino vimegusana, akaingia. Kisha akarudi hatua moja na kuchungulia.

"Ingia na wewe, mwanangu," alisema. "Huyu mama ana maneno mengi. Tukiwa wawili tutagawana."